Beki kijana anayependa kushambulia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Inapokaribia drafti ya NHL, yaani timu za ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini kuchagua vijana wapya kwa zamu, mabishano ni yale yale kuhusu mabeki wa miaka 17 na 18 wanaopenda kupanda mbele. Mmoja anasema huyu ni Cale Makar mwingine, yule beki nyota wa Colorado Avalanche. Mwenzake anajibu kwamba huyu ni winga aliyevalishwa jezi ya beki, kulinda hajui. Ukiwauliza, wote wawili wametazama video ile ile ya dakika mbili, yenye mabao matupu. Katika hoki ya barafuni hakuna wachezaji ninaowapenda kama mabeki wa aina hii, na inaniuma kuona wanapimwa kwa mizani mibovu, iwe ni kwa kusifiwa au kwa kupondwa.

Dhana: aliyejaza pointi ligi ya vijana atazijaza pia NHL

Kwanza tujue pointi ni nini. Kila bao linaweza kugawa pointi tatu: ya mfungaji, ya aliyempa mfungaji pasi, na ya aliyempa pasi huyo aliyetoa pasi. Sasa fikiria wapinzani wako pungufu, mwenzao anatumikia adhabu ya dakika mbili. Beki wetu amesimama peke yake kwenye mstari wa buluu, ule unaoanzia eneo la wapinzani, hakuna anayemkaba. Anamsogezea jirani yake kisahani, ambacho ndicho mpira wa mchezo huu, mita tatu, jirani anampa winga, winga anafunga. Pointi imeandikwa.

Si kosa kuipata pointi hiyo. Kosa ni kuihesabu sawa na ile iliyopatikana watano kwa watano, timu zote zikiwa kamili, baada ya beki kukitoa kisahani nyuma ya lango lake mwenyewe huku amefuatwa na watu wawili. Timu ya NHL huwa na nafasi moja, pengine mbili, za beki wa kuongoza mashambulizi wapinzani wanapokuwa pungufu, na mara nyingi nafasi hiyo ina mwenyewe. Kijana ambaye pointi zake nyingi zimetoka hapo anaweza kufika juu akakuta mlango umefungwa, kisha hana kazi nyingine ya kuifanya.

Halafu kuna ligi yenyewe. Makar alipata pointi 75 katika mechi 54 msimu wa 2016-17, lakini alikuwa Brooks Bandits, kwenye ligi ya Alberta iliyo ngazi moja chini ya ligi tatu kuu za vijana za Kanada. Mwenye mashaka wakati ule alikuwa na sababu. Namba hiyo peke yake isingetosha kumtetea. Alitetewa na miguu yake: alivyobadili mwelekeo juu ya mstari wa buluu na kumwacha mkabaji akielekea upande mwingine. Uwezo wa namna hiyo haupungui ligi inapopanda. Colorado Avalanche walimchukua wa 4 mwaka 2017, na mwaka 2022 alibeba Kombe la Stanley la ubingwa wa NHL, tuzo ya Norris ya beki bora na ile ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano.

Upande wa pili yupo Ryan Murphy. Alichaguliwa wa 12 mwaka 2011 akitokea timu ya vijana ya Kitchener, akiwa miongoni mwa mabeki vijana waliosifiwa sana kwa kushambulia, lakini hakuwahi kushika nafasi ya kudumu NHL. Kipaji cha mbele alikuwa nacho, na bado hakikutosha.

Jambo dogo linalosahaulika: tarehe ya kuzaliwa. Ili uingie drafti sharti uwe umetimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba. Aliyezaliwa tarehe 17 anasubiri mwaka mzima, kwa hiyo anaingia akiwa na msimu mmoja zaidi miguuni kuliko aliyezaliwa tarehe 13 mwezi huo huo. Ukilinganisha pointi zao bila kutazama tarehe, unamwonea mdogo.

Dhana: anayejua kushambulia hajui kulinda

Hii ndiyo inayoharibu tathmini nyingi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Wapo kweli wanaopanda wakati beki mwenzao ameshapanda, wakaacha nyuma wazi. Wapo wanaosimama mbele ya lango lao wakitazama kisahani huku mtu wao akipita mgongoni.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ya beki huanza wapinzani wanapokirusha kisahani kwenye kona na kukikimbilia. Beki anageuka na kukikimbilia akielekea upande wa lango lake, kuna mtu nyuma yake, ana kama sekunde mbili. Tazama hapo tu, mechi nzima ukipenda. Je, anageuza shingo kuangalia nyuma kabla hajakigusa kisahani? Pasi yake ya kwanza inamfikia mwenzake kwenye gongo, au inabamizwa ukutani ili mradi imetoka? Akibanwa, anamdanganya mkabaji kwa bega, au anakitupa tu mbele? Beki anayekitoa kisahani salama mara kumi amelinda mara kumi bila kumgusa mtu. Wapinzani hawafungi wakiwa hawana kisahani.

Nikilazimika kuchagua kipimo kimoja, nitachagua hicho, na mabao nitayatazama baadaye. Kosa la kupanda wakati usiofaa kocha mvumilivu hulirekebisha kwa misimu miwili. Kutoona uwanja ni ugonjwa mgumu zaidi, na sijaona wengi waliopona.

Dhana: mfupi hawezi

Quinn Hughes ana kama sentimita 178 na alichukua Norris mwaka 2024. Lane Hutson, mfupi kuliko yeye, alisubiri hadi nafasi ya 62 mwaka 2022, kisha msimu wa 2024-25 akatoa pasi 60 za mabao kwa Montreal Canadiens na kuwa chipukizi bora wa ligi. Wote wawili wanakwepa kugongwa kwa sababu walishajua mtu anatokea wapi. Mfupi mwenye miguu mizito, huyo ndiye wa kumwogopea.

Dhana: takwimu ya jumlisha na toa inaonyesha nani analinda

Takwimu hii humpa mchezaji +1 timu yake ikifunga yeye akiwa uwanjani, na -1 ikifungwa. Ila bao lililofungwa wapinzani wakiwa pungufu halihesabiwi, ilhali wakifunga wao wakiwa pungufu vile vile, waliokuwa uwanjani wote wanakatwa. Beki mshambuliaji ndiye anayekaa uwanjani dakika hizo, kwa hiyo hapo anaweza kupoteza tu. Ongeza timu dhaifu. Msimu wa 2022-23 Erik Karlsson alifikisha pointi 101 akiwa San Jose, beki wa kwanza kuvuka 100 tangu Brian Leetch mwaka 1992, akachukua Norris. Jumlisha na toa yake ilikuwa -26.

Dhana: asiyekuwa tayari akiwa na miaka 19 ameshindikana

Beki hukomaa polepole kuliko winga, maana makosa yake huishia langoni. Roman Josi alichaguliwa 2008, akabaki kwao Uswisi hadi 2010, akacheza msimu mmoja Milwaukee katika ligi ya chini, ndipo akapanda. Adam Fox alichaguliwa wa 66 mwaka 2016 na Calgary, akacheza misimu mitatu Chuo Kikuu cha Harvard, haki za kumsajili zikahamia Carolina, kisha New York, kabla hajacheza hata mechi moja ya NHL. Alianza msimu wa 2019-20. Msimu uliofuata alikuwa beki bora wa ligi nzima.