Mchoraji wa bahari ni nani, na nani siye

Mchoraji wa bahari ni msanii ambaye kazi yake kuu ni bahari yenyewe pamoja na vyombo vinavyosafiri juu yake, na ambaye ameisoma kiasi cha kuweza kuichora hata asipokuwa mbele yake. Fasili ni hiyo, wala haina ugumu. Ugumu umeletwa na mazoea ya kumpa jina hilo kila aliyewahi kupaka maji chini ya anga, kuanzia mchoraji Mfaransa Claude Monet hadi wale wanaowauzia watalii picha za jahazi na machweo.

Tumchukue Ivan Aivazovsky, Mwarmenia aliyezaliwa mwaka 1817 katika bandari ya Feodosia, Crimea. Wanaoandika juu yake kwa ufupi hupenda kusema kwamba aliichora bahari kwa kuwa alikulia pwani, kana kwamba Feodosia haikuwa imejaa watoto wengine waliokulia pwani hiyo hiyo. Kilichomtofautisha ni mafunzo. Aliingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini St. Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, mwaka 1833, na akiwa bado mwanafunzi alisafiri na manowari za Baltiki. Mwaka 1839 alifuatana na kikosi cha Bahari Nyeusi, akawazoea maofisa na mabaharia wake. Baada ya miaka michache ya Italia na nchi nyingine za Ulaya, mwaka 1844 aliteuliwa kuwa mchoraji wa makao makuu ya jeshi la majini la Urusi, na mwaka uliofuata, ingawa angeweza kuneemeka katika mji mkuu, alirudi Feodosia na kufanya makazi yake huko hadi alipofariki mwaka 1900.

Sasa tofauti yenyewe. Mchoraji wa mandhari anaweza kutandika turubai yake ufukweni na kunakili anachokiona, kwa sababu mlima humngoja. Wimbi halimngoji mtu. Aivazovsky alishikilia kwamba umeme wa radi, dharuba ya upepo na rasharasha za wimbi haviwezi kunakiliwa papo kwa papo, kwa hiyo alichora vijielelezo vya penseli, kisha akaijenga picha nzima chumbani kwa kumbukumbu. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa kasoro, eti hakuwa mkweli kwa maumbile. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ufundi, kwani huwezi kukumbuka namna maji yanavyojikunja usipojua kwa nini yanajikunja.

Itazame picha yake ya vita vya Chesma, aliyoichora mwaka 1848. Vita hivyo, kati ya manowari za Urusi na za Kituruki, vilipiganwa mwaka 1770, miaka 47 kabla hajazaliwa. Usiku una mianga miwili: mwezi wa baridi nyuma ya moshi, na moto wa manowari za Kituruki zinazoteketea, nayo maji yanaipokea mianga yote miwili bila kuichanganya. Katika picha ya mwaka 1850 iitwayo Wimbi la Tisa, ambayo ina upana wa zaidi ya mita tatu, hata meli haipo tena. Wamebaki watu wachache waking'ang'ania kipande cha mlingoti, na mwanga wa asubuhi unaopenya ndani ya wimbi hadi likawa la kijani. Jina lenyewe linatokana na imani ya mabaharia kwamba mawimbi huzidi kukua mpaka la tisa, ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

Wa pili anayechanganywa na mchoraji wa bahari ni mchoraji wa meli. Huyu aliagizwa na nahodha au mwenye chombo, naye alitakiwa kuhakikisha kwamba kila kamba, kila tanga na bendera ya kampuni viko mahali pake. Antonio Jacobsen, mzaliwa wa Copenhagen aliyefanyia kazi West Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, alizichora meli za namna hii kwa maelfu. Hesabu inayotajwa ni kama picha 6,000, na Aivazovsky naye hutajiwa hesabu iyo hiyo, kwa hiyo wingi wa picha hautusaidii kuwatenganisha. Katika kazi za Jacobsen bahari ni sakafu ya kuisimamishia meli. Ni kazi ya heshima, na wanahistoria wa vyombo wanaitegemea, ila ni kazi nyingine.

Tukimrudia Monet, picha yake maarufu ya bandari ya Le Havre ya mwaka 1872 inahusu ukungu na jua la saa ile. Mashua zake ni mapigo machache ya brashi, na hakukusudia zaidi ya hapo. Anayetaka kumsifu kwa picha hiyo anaweza kuandika kwamba alichora bahari mara nyingi na kwa uzuri mkubwa, na hakuna atakayempinga.