Elfu Nne Ikawa Elfu Kumi na Moja: Elewa Gharama za Bredauni Kabla Hujaita

Malalamiko kuhusu bei za bredauni, yaani malori ya kuvuta magari yaliyokwama, yanazidi kuletwa kwenye dawati letu la watumiaji hapa Mombasa. Huja kwa wingi misimu miwili: mvua za masika, maji yanapojaa barabarani, na mwezi wa Desemba, wageni kutoka bara wanapoteremka Pwani na magari yaliyochoka. Makala haya ni ya kuelimisha umma kwa jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili kwa mtu ambaye tayari ana mgogoro.

Malalamiko mengi yana sura moja. Gari linazima karibu na Daraja la Nyali saa moja usiku, honi zinalia nyuma, watoto wamo ndani. Dereva anapiga simu nambari aliyopewa na mpita njia, anaambiwa, "Elfu nne bosi, tunakuja." Gari linafikishwa gereji Changamwe. Hapo anaambiwa ni elfu kumi na moja, na gari haliteremshwi mpaka pesa ziingie. Kesho yake anatujia akisema ameibiwa. Huenda ameibiwa, huenda hakuibiwa. Tunapomuuliza ile elfu nne ilikuwa bei ya nini hasa, hajui, maana hakuuliza.

Tuichambue hesabu yenyewe. Tarakimu hizi ni za mfano tu, msizichukue kuwa bei rasmi. Elfu nne mara nyingi huwa ni ada ya kutoka, yaani malipo ya lori kuondoka yadi na kulipandisha gari lako. Baada ya hapo kuna kilomita. Tuseme kilomita moja ni shilingi 150. Kuanzia gari lilipozima hadi gereji ni kama kilomita 10, kwa hivyo 1,500. Lakini kampuni nyingine huhesabu kuanzia lori linapotoka yadi hadi linaporudi yadi. Ikiwa mzunguko huo ni kilomita 30, unadaiwa 4,500. Ongeza 1,000 ya kazi ya usiku. Jumla 9,500. Kampuni ikiwa imesajiliwa kwa VAT, asilimia 16 ya hapo ni 1,520. Umefika 11,020, na hakuna hata senti moja ambayo kampuni ingeshindwa kuitolea maelezo.

Kwa hivyo swali la kwanza kwenye simu lisiwe "ni pesa ngapi?" Uliza hivi: "Bei yote, pamoja na kilomita, usiku na ushuru, kutoka hapa nilipo hadi gereji fulani, ni ngapi? Na kilomita mnazihesabu kuanzia wapi?" Halafu waambie waiandike kwenye ujumbe wa simu, na nambari ya usajili wa gari iwemo. Dakika mbili zinatosha. Kampuni inayokataa kuandika bei yake usiipe gari lako.

Mji wetu nao una mambo yake, na hapa wenyeji huteleza sawa na wageni. Gari likizima Likoni na gereji yako iko kisiwani, lori lina njia mbili: kupanda feri, ambapo litalipa ushuru wa feri na huenda likakaa kwenye foleni, au kuzunguka kwa Dongo Kundu na kutokea Miritini, ambapo kilomita zinaongezeka sana. Kubalianeni njia kabla lori halijaondoka, na uulize muda wa foleni unalipiwa na nani. Upande wa kaskazini, uliza kama "bei ya mjini" wanayokutajia inafika Mtwapa, kwa sababu ukivuka daraja pale umeshaingia Kaunti ya Kilifi. Mji wa Kale ni kazi nyingine kabisa. Vichochoro vingi vya pale havipitishi lori, kwa hivyo gari husukumwa kwa mikono au kuvutwa kwa winchi, yaani mashine ya kukunja waya, hadi Ndia Kuu au barabara nyingine pana, na kazi hiyo hulipiwa mbali. Winchi hutozwa pia gari likinasa mchangani ufuoni au likitumbukia mtaroni. Mteja anayesema "limekwama kidogo tu" ilhali magurudumu mawili yamo mtaroni asishangae bei ikibadilika lori likifika. Eleza hali halisi, na ukiweza tuma picha.

Kuna aina ya lori pia. Ninaomba msomaji atulie hapa, kwa kuwa kosa la hapa huzidi gharama ya kuvutwa mara nyingi. Gari la gia otomatiki halivutwi huku magurudumu yanayosukumwa na injini yakizunguka barabarani. Pampu inayopeleka mafuta kwenye giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa pampu haifanyi kazi, na vyuma vinasagana vikiwa vikavu. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. Linalosukumwa na magurudumu yote manne lipandishwe zima juu ya lori la jukwaa, lile ambalo sakafu yake huteremka na kuinama hadi chini. Lori la jukwaa ni ghali kuliko la kunyanyua upande mmoja, na watu hukimbilia rahisi. Kisha giaboksi inakufa na lawama zinakuja kwetu. Mwambie mwenye bredauni aina ya gari, ni otomatiki au la, na magurudumu gani yanasukuma. Kama hujui, muulize fundi wako leo, gari likiwa zima.

Lori likifika, simama utazame. Ndoano inafaa kuingia kwenye pete ya kuvutia, ambayo katika magari mengi madogo hufungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu lililofunikwa kwa kifuniko kidogo cha plastiki kwenye bampa. Pete yenyewe huwa imewekwa pamoja na jaki na spana. Ukiona kijana anapitisha mnyororo kwenye mkono wa sasipensheni kwa sababu pete haipatikani, msimamishe. Piga picha pande nne kabla gari halijapanda, na bampa la mbele lipige kwa karibu, kwani ndilo hukwaruzwa jukwaa linapoinama. Bila picha hizo huwezi kuonyesha mkwaruzo uliingia lini.

Sasa bima. Karibu kila wiki tunaambiwa, "Si bima italipa?" Bima ya thadi pati, ile inayofidia watu wengine tu, hailipii kuvutwa kwa gari lako. Tumelisema hili mara nyingi na tutaendelea kulisema. Bima ya komprehensivu, inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa kawaida huwa na kipengele cha kuvutwa, lakini kina kikomo kilichoandikwa kwenye karatasi yako ya bima, na kinachozidi hapo ni chako. Aghalabu kipengele hicho ni cha ajali, si cha gari lililoisha betri au mafuta, isipokuwa uwe umelipia huduma ya dharura barabarani. Piga simu kwa bima yako kabla ya kuita bredauni nyingine, na uchukue risiti ya kampuni, ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Kikaratasi kilichochanwa daftarini, kimeandikwa "towing 11,000" bila tarehe, bila nambari ya gari na bila jina la aliyelipwa, afisa wa madai atakirudisha. Mali bila daftari huisha bila habari.

Gharama inayosahaulika ni ya yadi. Gari likivutwa Ijumaa, gereji zikiwa zimefunga kwa swala au kwa siku, linaweza kupelekwa yadi ya kampuni na kulala hapo hadi Jumatatu, na kila siku ikahesabiwa. Mpigie fundi kwanza ujue yupo. Kama hayupo, mara nyingi ni nafuu gari lipelekwe nyumbani.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidi huduma anayoilipia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakwenda mbali zaidi: makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, mtoa huduma haruhusiwi kuyazidisha kwa zaidi ya asilimia 10. Turudi kwenye mfano wetu. Kama yule dereva ana ujumbe unaosema "Nyali hadi Changamwe, bei yote 4,000", basi kikomo ni 4,400, hata hesabu ya kampuni iwe imekamilika namna gani. Ila akiwa njiani ameomba kazi nyingine, mathalani gari lipitishwe nyumbani kwanza, wakakubaliana bei mpya, hiyo ni sawa kisheria. Kama hana ujumbe, ni neno lake dhidi ya neno lao, na sisi hatuwezi kumtungia ushahidi.

Sheria hiyohiyo inahesabu kuwa mwenendo usio wa haki mtu kutumia mali ya mteja aliyoishikilia ili kumbana akubali masharti mapya. Gari lililo juu ya jukwaa, huku bei ikipandishwa, linaingia moja kwa moja humo. Vilevile, huduma ambayo hukuiomba huna wajibu wa kuilipia. Wale wanaofika kwenye ajali bila kuitwa na kuanza kufunga minyororo, waambie waziwazi mbele ya shahidi kwamba hujawakodi. Tahadhari: ajali ikiwa imemuumiza mtu, gari lisiondolewe kabla polisi hawajatoa idhini, awe amekuja nani.

Wapo wanaoliacha gari katikati ya barabara wakijadiliana bei kwa saa nzima. Hilo nalo lina gharama yake. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinaweka faini ya shilingi 10,000 kwa kuacha gari likizuia njia, shilingi 3,000 kwa kutokuwa na pembetatu za tahadhari, na shilingi 3,000 kwa kutoziweka gari likiwa limekwama barabarani. Lisukumeni pembeni kwanza kama linasukumika, wekeni pembetatu, halafu mpatane.

Gari lililovutwa na kaunti kwa kosa la kuegesha ni jambo tofauti, na tunaomba lisichanganywe na haya. Ada za kaunti huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti, haziko kwenye mapatano. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti pekee, kamwe si kwa nambari ya simu ya askari, na usiondoke bila risiti.

Ukiwa tayari umetozwa kupita kiasi na unalihitaji gari, unaweza kulipa na kuendelea kudai. Andika kwenye ujumbe kwa kampuni, kabla ya kulipa, kwamba unalipa huku ukipinga kiasi hicho, na utaje bei mliyokubaliana. Lipa kwa M-Pesa kwa nambari ya biashara, usitoe taslimu. Kisha iandikie kampuni barua ukidai ziada irudishwe, na uipe muda maalum wa kujibu, siku 14 kwa mfano. Wakinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya huduma. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Sheria yake ya mwaka 2016 inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu.

Wanaokuja kwenye dawati letu waje na ujumbe wa bei, taarifa ya M-Pesa, risiti, picha za gari kabla na baada, nakala ya logibuku (hati ya umiliki wa gari), na abstrakti ya polisi (muhtasari wa taarifa yao) kama kulikuwa na ajali. Asiyekuwa na risiti aje vilevile na taarifa ya malipo. Tutaiandikia kampuni kuiomba itoe ankara. Anayekuja kwa niaba ya mwenye gari awe na barua yake iliyotiwa sahihi, la sivyo hatuwezi kufungua faili.