Ginkgo ilipona bomu, joto la Tanga ni habari nyingine

Jamani hili nalisikia sana hapa Tanga, eti mti wa ginkgo haufi, panda popote, si ilipona bomu la Hiroshima? Kupona ilipona kweli, kuna miti ilikuwa kilomita moja hadi mbili tu toka bomu lilipolipuka 1945 na ikachipua tena, ila watu wanasahau Japani kuna baridi ya kweli, na huu mti unaitaka hiyo baridi, unadondosha majani yote unalala miezi kadhaa ndo unaamka. Sasa hapa Raskazone utalala saa ngapi, na hili joto la Januari! Ukipata mche, bora umpe mtu wa Lushoto kule milimani ajaribu, japo na huko si baridi ya theluji.

Huko Japani wanauhamisha ukiwa umelala, hauna majani. We mwenye wa kwenye kiriba, chana taratibu, mizizi iliyojizungusha inyooshe, shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa udongo usiizike, halafu maji ya kutosha. Na usiutingishe kila wiki kuona kama umeshika, unakua polepole mno, jirani yangu kang'oa wake kwa papara kakuta mizizi mibichi kabisa.