Mulineti ya salmoni mikononi mwa wavuvi wa Lubumbashi: dhana na ukweli

Mdogo wangu anaishi Portland, Oregon, karibu na mto Willamette. Huko salmoni na stilihedi hupanda mto wakitoka baharini kwenda kuzaa. (Stilihedi, kwa asiyemjua, ni trauti wa upinde wa mvua aliyekwenda kukulia baharini.) Akinunua mulineti mpya (kile kifaa cha kukunjia uzi kwenye fimbo ya kuvulia), ya zamani hunitumia mimi Lubumbashi, nami huipeleka mto Luapula, upande wa Kasenga, kumtafuta manda, samaki wetu mwenye meno makali. Ni zile ambazo bobini, yaani kigurudumu cha uzi, hukaa juu ya fimbo na kuzunguka yenyewe unaporusha. Hapa mjini ni chache, lakini maneno juu yake ni mengi, na nimeona nyingine nzuri zikiharibika kwa sababu ya maneno hayo.

Neno la kwanza ninalolisikia: "Hii ni ya salmoni, samaki wetu ataivunja." Salmoni mkubwa kuliko wote waliowahi kuandikishwa kwa fimbo alivuliwa mto Kenai, Alaska, mwaka 1985. Alikuwa na kilo 44. Mbenga, ndugu mkubwa wa manda, anayeshikilia rekodi ya aina yake alitoka mto wetu wa Congo mwaka 1988, naye alikuwa na kilo 44. Nguvu ya mulineti si tatizo. Tofauti iko kwenye meno: mbenga na manda hukata uzi, kwa hiyo unachohitaji kuongeza ni kipande cha waya mbele ya ndoano.

"Uzi ukijisokota, mulineti ni mbovu." Dhana hii ndiyo inayowafanya watu wauze vitu vyao kwa hasara, na inaniuma kila mara. Uzi hujisokota kwa sababu bobini inazunguka haraka kuliko chambo kinavyouvuta. Uzi wa ziada hauna pa kwenda, unainuka na kujirundika. Wavuvi wa Kifaransa huuita peruki. Hata mulineti ya bei kubwa hufanya hivyo ikiwa haijarekebishwa. Funga chambo utakachotumia, inua fimbo, bonyeza kitufe cha kuachia. Kaza au legeza kifundo kidogo cha pembeni mpaka chambo kishuke polepole, na bobini isimame chambo kinapogusa chini. Kisha weka breki ya kurushia juu, uipunguze kidogo kidogo kadiri kidole gumba kinavyozoea. Kidole hicho ndicho breki ya kweli: kiguse uzi kwa wepesi, na kisimamishe bobini chambo kinapokaribia kutua. Mimi nilijifunzia uani kwetu, Katuba, kwa kipande cha risasi bila ndoano, kwa wiki mbili. Na uzi ukishajisokota, usiuvute kwa nguvu. Kandamiza bobini kwa kidole gumba, zungusha mkono wa mulineti mara mbili tatu, kisha vuta taratibu. Mara nyingi fundo hufunguka.

Wengine huhesabu beringi. Nne zilizotengenezwa vizuri hushinda kumi za ovyo, basi. Wengine hutaka kasi: 8:1, yaani bobini huzunguka mara nane kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Kasi hiyo inafaa kukusanya uzi uliolegea, lakini kwa samaki mzito kwenye mkondo mkali napendelea 5:1 au 6:1, kama lori la makala linavyopanda kilima kwa gia ndogo. Na kwa chambo chepesi, chini ya gramu 7 hivi, iache kabisa. Mulineti ya bobini isiyozunguka hurusha vizuri zaidi.

"Mafuta mengi, maisha marefu." Hapana, yaya. Mulineti za aina hii zilianza Kentucky, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, kwa mikono ya mafundi wa saa, na mpaka leo zinataka mkono wa fundi wa saa. Tone moja la mafuta mepesi kwa kila beringi, na grisi nyembamba kwenye meno ya gia. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. WD-40 ilibuniwa kufukuza maji. Ukiipulizia ndani, inaosha grisi na kuacha chuma kitupu. Mafuta yakizidi hushika vumbi letu jekundu la kiangazi, na mchanganyiko huo husaga gia kama msasa. Ndiyo maana sikubali pia kwamba maji ya mtoni hayadhuru kitu. Tope ni mchanga. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kivulini, na usiipeleke kwa waosha magari: maji ya presha huusukuma mchanga mpaka ndani.

Iliyobaki ni freni, ile inayomwachia samaki uzi akikimbia. Watu huikaza mpaka mwisho, kisha hulia uzi ukikatika. Iweke kwenye robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kilo 9, funga mfuko wa unga wa kilo 3, shika mulineti mkononi, inua moja kwa moja: freni iteleze mfuko unapotaka kuacha ardhi. Usikaze zaidi ya hapo. Ukimaliza kuvua, kabla hujaifunga kwenye begi, legeza kabisa ile nyota ya pembeni inayokaza freni, ili visahani vya ndani visikae vimebanwa mpaka safari nyingine.