Treni kujaa si kapu kujaa

Jioni moja kwenye baraza la kahawa Ngamiani, mjini Tanga, mjomba wangu alinitolea uvivu: "Wewe si ndiye mtaalamu wa nauli? Waambie, siku wakileta treni ya abiria ya Muheza na mjini, washushe bei. Watu watajaa, na pesa itajaa."

Nikachana pakiti ya sigara, nikaandika kwa nyuma. Tuseme abiria 1,000 kwa siku, kila mmoja shilingi 1,000: milioni moja. Shusha nauli iwe 800. Kipimo cha wastani ambacho sisi wa fani hii tumekitumia miaka mingi ni kwamba nauli ikibadilika kwa asilimia 10, abiria hubadilika kama asilimia 3 tu. Tunakiita unyumbufu wa mahitaji. Basi punguzo hilo la asilimia 20 litakuletea watu 60. Piga 1,060 mara 800, unapata 848,000.

"Treni imejaa zaidi, mjomba, na umekosa laki na nusu."

Akaguna. "Basi pandisheni."

Kwa 1,200, abiria wanabaki 940, mapato 1,128,000. Wahasibu huwa wanafunga daftari hapo. Mimi siwezi, kwa sababu hesabu hiyo ni ya miezi ya mwanzo. Nauli ikipanda leo, mtu hahami nyumba kesho. Mpe miaka michache, anapata njia nyingine, na wanaopotea huweza kufika mara mbili ya hao sitini. Tena barabarani daladala inapita sambamba na reli. Treni ikiizidi nauli kwa jero tu, kipimo cha wastani hakikusaidii kitu.

London walijaribu njia ya mjomba. Oktoba 1981 walishusha nauli kwa takriban theluthi moja, abiria wakaongezeka, na pengo likawa lizibwe kwa kodi ya majengo. Bromley, mtaa usio na hata kituo kimoja cha treni ya chini ya ardhi, ukaenda mahakamani na kushinda. Machi 1982 nauli ikapandishwa karibu mara mbili.

Kwangu mimi swali kubwa ni la saa. Abiria wa saa kumi na mbili asubuhi ndiye ghali kuliko wote: kwa ajili yake unanunua behewa ambalo mchana kutwa limelala. Dar es Salaam, treni ya abiria iliyoitwa kwa jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, ilipoanza Oktoba 2012, ilikuwa ya asubuhi na jioni. Katikati ya siku mabehewa yalisimama tu. Ndiyo maana ningeacha nauli ya asubuhi ilivyo, nikapunguza ya saa nne. Sidanganyi: hata hapo makusanyo ya mchana yanaweza kushuka. Ninachokitafuta ni mama wa machungwa wa Muheza, asiyelazimika kufika soko la Mgandini alfajiri, aniachie nafasi ya asubuhi, nami nisinunue behewa jingine.

(Na nauli iwe ya mia mia. Nauli ya 1,150 ni ugomvi wa chenji kila kituo.)

Mjomba alikuwa bado ameshika kile kipande cha pakiti. Akaweka kidole kwenye ile 940. "Na hawa sitini wamekwenda wapi?"

Nikamwambia wengine wako kwenye baiskeli, wengine daladala, na wengine mjini hawaji tena.

"Hao wa mwisho," akasema, "umewaandika wapi?"

Sikuwa nimewaandika.