Hofu inatumikaje kwenye oparesheni za kisaikolojia za jeshi

Watu wakisikia oparesheni za kisaikolojia wanadhani ni mambo ya kuchezea akili kimiujiza, wala. Ni kazi ya kawaida ya jeshi, unampelekea adui ujumbe kwa vipeperushi, redio, spika au hata mlio wa ndege, ili mwenyewe aamue kuacha kupigana. Na hofu ndo inatumika sana humo.

Ila sio kutisha tu. Ukimtisha mtu halafu usimwachie pa kutokea atapigana mpaka risasi ya mwisho, si hana cha kupoteza? Kwa hiyo ujumbe uliopangwa vizuri unakua na kitisho na mlango. Angalia Vita vya Ghuba 1991, Wamarekani walimwaga vipeperushi kama milioni 29, na vingine vilikiambia kikosi fulani cha Iraki kabisa kwamba kesho mnapigwa na B-52, yaani zile ndege kubwa za mabomu za Marekani, ondokeni, na kesho yake kweli wanapigwa, halafu zinashuka karatasi zingine kuwakumbusha kwamba waliambiwa, na namna ya kujisalimisha imeelezwa humo humo. Makumi ya maelfu walijisalimisha, japo njaa na mabomu yenyewe navyo vilichangia, tusizipe karatasi sifa zote. Lakini ona ujanja wake: walisema, wakafanya, sasa karatasi ya pili nani ataipuuza?

Kitisho kisicho na kitu nyuma yake kinachuja haraka. Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walifunga ving'ora kwenye ndege zao za mabomu za Stuka, ikishuka kutupa bomu inalia vibaya mno, mwanzoni watu walichanganyikiwa ila baadaye wakazoea. Vietnam nako Wamarekani walikua wanapiga usiku kanda za sauti za "mizimu" ya wapiganaji wa adui waliokufa, inalia na kuwasihi wenzao walio hai warudi nyumbani, maana kule inaaminika aliyekufa asizikwe vizuri roho yake inatangatanga. Wapo waliogundua ni rekodi, wakaanza kufyatulia risasi kule sauti inakotokea.

Kutumia hofu kwa raia ndo inafeli zaidi. London ilipigwa mabomu kuanzia Septemba 1940 mpaka Mei 1941, Ujerumani ikitegemea watu wavunjike moyo, hawakuvunjika. Na hata kama mama wa watu amejificha kwenye handaki anataka yaishe, ajisalimishe kwa nani, kwa rubani?