Je, wajua kwa nini amri ya kuhama hutolewa jua likiwaka?

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni hadi 30 Novemba, na karibu kila kimbunga kikubwa kinapoelekea Florida Keys, ile safu ya visiwa kusini mwa jimbo la Florida, Marekani, mambo huwa yale yale. Bahari shwari, anga halina wingu, watalii wamejilaza ufukweni, na mamlaka za Kaunti ya Monroe, vilimo visiwa hivyo, zinawaambia wafungashe. Kimbunga chenyewe bado kiko mbali, zaidi ya kilomita elfu moja. Anayeona huo ni woga uliopitiliza simlaumu. Ila hesabu ya kuhama haianzii pale kimbunga kilipo. Huanzia mwisho, ikarudi nyuma.

Na mwisho wenyewe si saa ambayo jicho la kimbunga litagusa nchi kavu, ingawa ndiyo inayotajwa mno kwenye televisheni. Ni saa utakapofika upepo wa kilomita 63 kwa saa. Kwa upepo huo basi na lori huyumba juu ya daraja, miti huanza kulala barabarani, na polisi hufunga madaraja marefu. Keys ina barabara moja tu ya kutokea. Kutoka Key West, mji ulio mwisho wa barabara hiyo, hadi bara ni karibu kilomita 180 na madaraja 42, na sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, maji kulia na kushoto. Ajali moja tu hapo, foleni nzima imesimama.

Tupige hesabu. Ni Jumatatu saa sita mchana. Kimbunga kiko umbali wa kilomita 1,440, kinakwenda kilomita 20 kwa saa, kwa hiyo kitovu chake kitafika Alhamisi saa sita mchana. Lakini upepo wa kilomita 63 umetanda hadi kilomita 240 mbele ya kitovu, yaani utatangulia kwa saa 12: saa sita usiku wa kuamkia Alhamisi. Wakazi wanahitaji saa 24 za barabara. Toa hizo, unabaki na usiku wa kuamkia Jumatano. Hakuna anayeamshwa usiku wa manane akaondoka papo hapo. Watu hufunga madirisha kwa mbao, hujaza mafuta, hutafuta paka. Basi amri yao itoke Jumanne mchana. Watalii na wenye magari-nyumba hutangulizwa, kwa kawaida saa 48 kabla ya upepo, kwa hiyo wao huambiwa leo hii Jumatatu, wakiwa na kaptura na miwani ya jua.

Sasa kimbunga kikiongeza mwendo hadi kilomita 30 kwa saa, upepo hautafika baada ya saa 60 tena bali 40, saa kumi alfajiri ya Jumatano. Amri ya Jumanne mchana imeshachelewa. Kosa la mwendo huuma kuliko kosa la njia, na ndilo watu wachache hulifuatilia.

Hizo saa 24 si kauli ya mtu. Sheria ya jimbo la Florida kwa miaka mingi ilitaka wakazi wa kudumu wa Keys waweze kuondoka ndani ya muda huo (mwaka 2025 ukaongezwa hadi saa 24 na nusu), na vibali vya kujenga nyumba mpya hubanwa ili magari yasizidi uwezo wa barabara. Visiwa hivyo vina historia yake: 2 Septemba 1935 treni ilitumwa kutoka Miami kuwachukua wafanyakazi wa barabara, wengi wao askari wa zamani wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Iliondoka kwa kuchelewa na ikacheleweshwa tena njiani. Ilipofika Islamorada usiku, bahari iliyapindua mabehewa yote, ikabaki injini peke yake kwenye reli. Waliokufa katika kimbunga hicho walizidi 400.

Utabiri hutoka Kituo cha Taifa cha Vimbunga, Miami, kila baada ya saa sita. Ile ramani yenye umbo la koni ndiyo husomwa vibaya. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga wala eneo litakaloumia. Huonyesha mahali kitovu kinaweza kupita, na imechorwa hivi kwamba takriban mara moja kati ya tatu kitovu hutoka nje yake. Tahadhari ya awali hutolewa saa 48 kabla ya ule upepo wa kilomita 63, na onyo kamili saa 36 kabla. Kwa Keys, anayesubiri onyo ndipo afungashe, ukitoa zile saa 24 za barabara, amebakiwa na saa 12 tu.

Nani ahame? Hapo swali ni maji zaidi ya upepo. Upepo huisukuma bahari ipande nchi kavu, na ikiangukia bamvua, kina huongezeka. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Nyumba ya mbao haibishani nayo. Modeli ya kompyuta iitwayo SLOSH huendeshwa kwa maelfu ya vimbunga vya kubuni, vya kila nguvu, mwendo na pembe, kisha pwani hugawanywa kwa herufi: A hutoka kwanza. Daraja la kimbunga, la kwanza hadi la tano, hupimwa kwa upepo tu, nalo hudanganya. Ike, kimbunga cha 2008, ilipiga Texas ikiwa ya daraja la pili, lakini kwa kuwa ilikuwa pana mno, maji yalipita mita 4 kwenye rasi ya Bolivar.

Kuhamisha kupita kiasi nako kunaua. Mwaka 2005, kimbunga Rita kikielekea Houston, Texas, zaidi ya watu milioni mbili na nusu waliingia barabarani, wengi wakitoka maeneo ambayo hayakuamriwa. Magari yaliishiwa mafuta kwenye foleni chini ya jua kali. Basi lililobeba wazee wa makao ya wauguzwa liliwaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Kimbunga kikapinda mashariki.

Ian ya 2022 ilikwenda kinyume. Macho yote yalikuwa jiji la Tampa, Florida. Kaunti ya Lee, iliyokuwa pembeni mwa koni, ilitoa amri asubuhi ya 27 Septemba, na kitovu kikagusa nchi kavu alasiri ya kesho yake. Kati ya vifo 66 vilivyosababishwa na kimbunga moja kwa moja, 41 vilitokana na bahari kupanda.

Upepo ukishafikia kiwango kile, magari ya wagonjwa na ya zimamoto nayo huegeshwa. Anayepiga simu ya dharura hupokelewa, taarifa yake huandikwa kwenye foleni, na huambiwa apande juu kadiri awezavyo hadi upepo utulie.